Kris Iliyorudi Gresik

Sijapata kukubali desturi ya kumwoza binti wa watu kwa kipande cha chuma, na yaliyompata Rukmirah, jirani yangu hapa Gresik, yalinizidishia hasira.

Baba yake, Mzee Wongsodrono, alichonga ala za kris, yale majambia yetu yenye ubapa wa mawimbi. Wachuuzi walizipeleka Palembang, Johor hadi Makasar. Aliweza kuzitambua ala zake kwa kuzipapasa tu, macho yamefumbwa. Rukmirah alizipiga msasa tangu utotoni.

Alipofikisha miaka ishirini, akaposwa na tajiri wa Palembang ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Siku ya ndoa tajiri hakuja. Alimtuma mshenga wake, Sastro, na kris ya kukaa kitini badala yake.

"Imepita kwa babu zake saba," alisema Sastro, akifunua kitambaa cha manjano mbele ya kadhi na majirani.

"Na mjukuu wao yuko wapi?" aliuliza Rukmirah. "Anaumwa miguu, au bado anawaaga wake zake?"

Watu wakacheka. Sastro naye akacheka, ila mkono wake haukubanduka kwenye ala.

"Mwanangu, mgeni huyo," baba alinong'ona.

"Basi nipe nimsalimie mume wangu," Rukmirah alimwambia Sastro.

Akaipokea, akapitisha kidole chini ya mdomo wa ala, akasita. Kisha akachokoa kwa ukucha. Kipande cha sandarusi, ile gundi ya miti, kikadondoka, na tundu likabaki kwenye mti wa ala.

"Tundu hili nililiziba mimi, mwaka jana, baba ulipokuwa na homa."

"Ala hubadilishwa, dada," Sastro alisema upesi. "Ubapa ndio wa kale."

"Ndimu zipo jikoni. Tuusugue ubapa, kisha tuupake dawa ya kuamsha mistari. Chuma kilichokunjwa na mhunzi hurudisha mistari yake. Kilichochorwa juu juu hakirudishi."

Sastro akampokonya kris, akaanza kuifunga katika kitambaa chake. "Sikutumwa kuja kutukanwa," alisema, akaondoka.

Rukmirah hakumtazama. Alimgeukia baba yake, ambaye ndiye aliyeipokea kris hiyo mlangoni asubuhi kwa mikono yake miwili.

"Uliijua ala yako tangu ulipoishika, baba?"

Mzee Wongsodrono aliinamia vidole vyake. Kadhi alifunga kitabu chake cha ndoa. Rukmirah akakibeba kile kiti cha bwana harusi, akakirudisha jikoni.