Shuka Kati Yangu na Baba Mkwe

Nyinyi wa siku hizi mnasikiliza muziki kwenye kisimu cha mfukoni halafu mnaniambia sauti ni safi. Safi gani hiyo? Mimi nimewahi kuamua sauti mbele ya watu, kwenye maonyesho ya kilimo ya Kisii, miaka ya sabini, na siku hiyo sitaisahau.

Kando ya mabanda ya ng'ombe na ndizi palikuwa na banda la vyombo vya muziki. Watu walileta gramafoni, amplifaya na spika zao bora, wakashindana. Ili pasiwe na upendeleo, lilitundikwa shuka jeupe: vyombo na wenye vyombo nyuma yake, waamuzi mbele, na kila mshindani alipiga santuri ile ile moja. Tulikuwa waamuzi watatu: haji mmoja muuza vitambaa mjini, karani wa mahakama, na mimi, mwalimu wa kwaya. Nilichaguliwa kwa ajili ya masikio. Baba yangu mzazi alikuwa mpigaji wa obokano, kile kinubi chetu kikubwa chenye ngurumo, nami nililala na kuamka nikikisikia. Santuri ya mashindano nayo ilikuwa ya obokano.

Balaa ilianzia nyumbani. Mume wangu alikuwa na duka mjini, anauza redio na gramafoni za kutoka ng'ambo. Baba yake, fundi seremala kule Nyamira, alikuwa ameingiwa na wazimu wa kuunda masanduku ya spika. Wazimu huo ulianza mwaka aliofiwa na mkewe. Baada ya mazishi mzee alikaa tu, hali, hasemi, tukadhani tutamzika naye. Halafu asubuhi moja akashika randa. Akanunua spika tupu, akaziundia sanduku, akabomoa, akaunda tena. Kazi hiyo ndiyo iliyomrudisha mezani kula, na sote tulilijua hilo.

Sasa mume wangu na mdomo wake! Siku moja uani kwa mzee, mbele ya wajomba, akatania: "Baba, masanduku hayo si afadhali ufugie kuku?" Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akasema, "Tutakutana kwenye maonyesho. Ukinishinda, randa naiweka chini, na sitaishika tena." Na baba mkwe wangu hakuwa mtu wa kusema ovyo. Nilishikwa na baridi papo hapo, kwa sababu nilijua akiiweka randa chini atamfuata mkewe.

Niliposikia wote wawili wamejiandikisha, nilikwenda mbio kwa wakubwa wa maonyesho nijitoe. Wakanicheka. "Mwalimu, si kuna shuka? Utajuaje nani ni nani?" Nikarudi nyumbani nimenuna. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Tena palikuwa na jambo ambalo haji na karani, watu wa mbali wale, wasingelielewa. Sisi Wagusii tuna chinsoni, heshima ya wakwe. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe, na mkono hakupi. Kwa mzee wetu mambo yalikuwa makali zaidi: tangu niolewe, hakuwahi kunisemesha moja kwa moja, wala mimi kumwita Tata, yaani baba. Akitaka maji humwambia mwanawe, "Mwambie alete maji," nami nimesimama pale pale. Sasa mkamwana wa namna hiyo asimame hadharani akosoe kazi ya mikono ya mzee? Aibu iliyoje!

Siku ikafika. Namba moja ilikuwa kelele ya debe, sina la kusema. Namba mbili, kabla muziki haujaanza, nikasikia kidole kikigusa sindano: tuk, tuk. Lo! Mume wangu. Kila jioni nyumbani alifanya hivyo hivyo. Namba tatu, mtu akapuliza vumbi kwenye sindano, fuu, kisha akanong'ona, "Haya." Mungu wangu. Ndivyo mzee alivyoziambia zana zake kila alipoanza kazi. Wakubwa walikuwa wameziba macho yetu, masikio wakayasahau.

Namba mbili ilikuwa safi, kila uzi mahali pake, ila ilikuwa na ubaridi fulani. Ya tatu, jamani! Sauti ilijaa banda zima, ya joto, nene, nikamwona marehemu baba yangu amekaa mbele yangu na kinubi chake. Nilianza kufurahi. Mzee ameshinda, nikawaza, tumepona. Kisha ukapigwa ule uzi mnene kuliko wote, ukanguruma, na mpigaji akauzima kwa kiganja. Kinubi kikanyamaza. Sanduku halikunyamaza. Palibaki kilio chembamba upande wa kushoto, chini, kama nzi ndani ya kibuyu. Nikangoja uzi ule upigwe tena, naomba kimoyomoyo. Kikalia tena.

Haji akasema, "Tatu! Inanguruma kama obokano yenyewe." Karani akasema mbili. Wakanigeukia mimi. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi siku hiyo nilikuwa mimi. Ningesema tatu, nani angejua? Mzee angejua. Mtu aliyezungumza na mbao maisha yake yote, leo mkamwana amdanganye kama mtoto anayepewa peremende anyamaze? Hiyo nayo ingekuwa kumzika.

"Mbili," nikasema. "Ya tatu ni tamu kuliko zote. Lakini kinubi kikinyamaza, sanduku linaendelea kulia. Kuna ubao haujakaa."

Wanawake wa kwetu walishika midomo. Kutoka nyuma ya shuka ikaja sauti ya mzee: "Muulize ni ubao upi."

Mume wangu, mshindi huyo, naye nyuma ya shuka, akarudia: "Baba anauliza ni ubao upi."

"Mwambie wa kushoto, chini."

Nikasikia kidole kikigonga ubao. "Mwambie amesikia vizuri." Kisha akajitwika sanduku lake akaondoka. Mume wangu alipewa utepe wake, akautia mfukoni wala hakuutundika dukani.

Wiki zilizofuata sikulala vizuri. Kila aliyetoka Nyamira nilimuuliza, na kila mmoja alinijibu kwamba randa ya mzee imetundikwa ukutani. Nilijiona nimemuua.

Alasiri moja akatokea mwenyewe na sanduku. Akampa mwanawe mlangoni, yeye akabaki nje chini ya dirisha, kwa kuwa hawezi kuingia. Mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini yale aliyoambiwa: ule ubao wa kushoto ulikuwa wa benchi la jikoni la mama yake. Mbao zote mzee alizipiga randa, huo akakataa, maana mkewe aliulainisha kwa kuukalia. Ndiyo sababu haukukaa sawa na wenzake. Sasa alikuwa ameukaza kwa skrubu.

Tukaweka santuri. Nikasikiliza nimefumba macho. Uzi mnene ukapigwa, ukazimwa.

"Mkamwana," ikaja sauti dirishani. Nilishtuka. Hakuwahi kuniita. "Bado inalia?"

Machozi yalikuwa yamenijaa. "Bado, Tata."

Akakohoa. Nikasikia akihama kutoka mguu huu hadi ule kwenye changarawe.

"Basi iacheni hivyo. Hiyo ni yenu, si ya kushindana." Mume wangu alikuwa amesimama kando yangu, mzee anamwona vizuri kabisa. "Mwambie mume wako aniletee mbao za podo. Randa nimeshainoa."