Bibi Aliyekunywa Mzigo wa Gari Langu

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikifika katikati hutacheka. Haya yalinipata mimi mwenyewe, alasiri, jua linawaka, wala sikuwa nimeonja kitu. Mimi si mtu wa majini na mizuka. Nilikuwa dereva wa gari la kunyonya vyoo, na aliyeizoea kazi ile hakuna kinachomtia kinyaa. Ndivyo nilivyodhani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tunanyonya vyoo huku juu Newala, tenki likijaa nateremka nalo mpaka kwenye mabwawa ya majitaka, nje ya Masasi. Pale mzigo unapita kwenye wavu wa chuma unaonasa matambara na machupa, kisha unaingia bwawa la kwanza, tope linazama. Maji yanahamia bwawa la pili, halafu la tatu lisilo na kina, ambako jua linaua vijidudu siku baada ya siku. Mwisho yanachujwa kwenye matete, ndipo yanaruhusiwa kwenda mtoni. Nilijua yote hayo. Usidhani nilikosa elimu.

Shida ni kwamba safari ni ndefu, getini kuna foleni, na Jumamosi kuna mpira. Sasa, kwenye mteremko kuna korongo lililofunikwa na vichaka. Siku moja nikasimama hapo, nikashusha bomba, nikafungua koki. Dakika chache tu, mzigo wote chini. Nani aliniona? Nikazoea. Msimu mzima wa korosho nilimwaga pale, na bonde lililo chini nikajiambia halinihusu.

Jumamosi moja nilikuwa nimefungua koki, nasubiri, nikasikia sauti nyuma yangu. "Mjukuu wangu, karibu." Nikageuka. Hatua kama ishirini hivi kulikuwa na uwanja uliofagiliwa, kibanda cha udongo, na bibi kizee ameketi kwenye kigoda. Niamini, nilisimama pale mara nyingi na sikuwahi kuona nyumba. Uso wake ulijaa chale za zamani, na kwenye mdomo wa juu alivaa ndonya, kile kipande cha mti mweusi ambacho bibi zetu walivaa na siku hizi unakiona kwenye vinyago tu.

Adabu ni adabu. Nikainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechoka wewe. Kunywa maji kwanza."

Zamani huku juu maji yalikuwa yakipandishwa kichwani kutoka bondeni, kwa hiyo mtu akikupa maji amekuheshimu, humkatalii. Nikaketi. Akachota mtungini kwa kata, na kama ilivyo desturi akaonja yeye kwanza kutoa sumu, mgeni asiwe na wasiwasi.

Ndipo harufu ikanifikia. Si ya gari, ya gari nilishaizoea. Hii ilitoka kwenye kata. Bibi alikuwa anakunywa tope. Zito, la kijivu, lenye povu, linamchuruzika juu ya ndonya na kudondoka kidevuni. Funza mweupe akatambaa juu ya ule mti mweusi, bibi akamrudisha mdomoni kwa kidole, kama mtu anayefuta uji. Akameza. Nilimsikia akimeza! Kisha akatoa ulimini kipande cha kitenge cha njano, akakitandaza gotini. Nilikifahamu kitambaa kile. Asubuhi ileile kilikuwa kimeziba bomba langu kwenye choo cha nyumba ya wageni, nikakisukuma ndani ya tenki kwa mkono wangu.

Akaninyooshea kata. "Si ndiyo maji uliyotuletea? Kunywa, mjukuu wangu. Wenzako huko chini wanakunywa kila siku."

Nilitapika mpaka puani. Nilipoinua kichwa hakukuwa na bibi, wala uwanja, wala kibanda. Vichaka tu, na koki yangu bado inamwaga. Nikaifunga, nikateremka korongo mbio kwa miguu, nikiteleza kwenye uchafu wangu mwenyewe.

Bondeni nikakutana na mama mmoja wa kijiji cha huko chini, tumwite Mama Salima. Ametoka chemchemini, ndoo kichwani. Maji yale ungeyaona ungesema ni safi kabisa.

"Mama, usiyanywe hayo maji."

"Kwa nini, mwanangu?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa. Nikamwambia yote: gari, korongo, msimu mzima.

Akashusha ndoo taratibu. "Mjukuu wangu anaharisha wiki ya pili sasa," akasema. "Kila akiharisha nampa maji, asije akakaukiwa. Namchotea mwenyewe."

Nikambeba mjukuu wake kupanda naye mpaka lilipo gari. Tulimkimbiza mtoto hospitali kwa gari lilelile, amelala mapajani mwa bibi yake, hana nguvu hata ya kulia, na mimi nanuka. Alipona, namshukuru Mungu. Nilijieleza mbele ya serikali ya kijiji, nikafukuzwa kazi, na hapo nilihurumiwa. Wanakijiji wakaniambia hakuna nyumba pale. Ni mahame, na bibi aliyekuwa akifagia njia ya chemchemi alizikwa hapo kabla wazazi wao hawajazaliwa. Hawakushangaa hata kidogo.

Sasa nafanya kibarua kwenye mabwawa yaleyale niliyokuwa nayakwepa. Navuta matambara kwenye wavu kwa reki, na kila gari likiingia nachungulia kama tenki limejaa kweli. Maji matupu hayanipiti kooni mpaka leo. Nakunywa chai, tena ya tangawizi kali, nimefumba macho. Mama Salima nikikutana naye sokoni Masasi namwamkia, kila mara. Ananitazama, anahamishia kikapu mkono wa pili, anapita.

Basi sikia. Gari likinyonya choo chako usifurahi tu kwamba limeondoka, ulizia linamwaga wapi. Ukiliona limeegeshwa kando ya korongo na bomba limeshushwa, usipite kimya, hata kama dereva anakuchekea na kukupungia mkono. Mimi nilikuwa nawapungia watu. Sikuwa na roho mbaya hata kidogo, na bado nilikaribia kumuua mtoto wa watu.