Migebuka Niliowasafisha Kabla ya Somo

Jamani, nichekeni mmalize kabisa, maana hii aibu nikiikumbuka hata peke yangu najifunika kanga.

Siku ya wazazi shuleni kwetu Gungu, kidato cha nne tulipewa kuonyesha somo la baiolojia, na wa kupasua samaki mbele ya watu ni rafiki yangu Zaituni wa Ujiji (kichwa chake kile si cha mchezo), ila baba yake, Mzee Kassimu mwenye duka la vitenge Mwanga, alishasema PCB ya kidato cha tano, yaani fizikia, kemia na baiolojia, ni ya watoto wa madaktari, binti yake akasome biashara, na siku ile ndiyo anakuja kutoa neno la mwisho. Madamu akataka kununua samaki sokoni, mimi na kiherehere changu nikanyoosha mkono: "Mimi mtoto wa Mwamgongo, migebuka niachieni!"

Nikapanda boti kwenda nyumbani, kijijini kwetu kwa wavuvi, kaka akanipa samaki hao, migebuka wa nguvu. Sasa mtu wa ziwani ukishika samaki na kisu (wa mjini hamtaelewa) mkono haukuulizi: nikapasua, matumbo yote nikawatupia kuku, nikaosha mpaka wakang'aa, nikawapanga kwenye ndoo ya barafu huku najisifu kwamba wageni hawapelekewi uchafu.

Zaituni anafungua ndoo mbele ya umati, anachungulia, ananigeukia. "Devota, utumbo uko wapi?"

"Si nimewasafisha!" Tena nilijibu kwa sauti.

Ukumbi ukaangua kicheko, madamu akashika kichwa, Mzee Kassimu akasimama kuondoka. Nikaona nimemharibia mwenzangu maisha.

Lakini Zaituni, mwacheni aitwe Zaituni! Akaingiza kidole kwenye tumbo tupu, akaanza: "Moyo ulikaa hapa, nyuma ya matamvua anayopumulia. Ini hapa. Huku juu, chini ya uti wa mgongo, mfuko wa hewa unaomsaidia kuelea." Watu wakanyoosha shingo, wanaona visivyokuwepo.

"We Zaituni," baba yake akageuka mlangoni akauliza, "umevijuaje?"

"Nisamehe baba. Kila nikitengeneza samaki nyumbani, huwa namchungulia kwanza, kimoja kimoja."

"Kumbe ndiyo maana chakula kinachelewa!" Watu wakacheka tena, ila mzee machozi yalikuwa yanamlenga. "Madamu, mwandike hiyo PCB. Mimi nitasubiri kula."

Na mimi niliyekuwa nasema sayansi si ya watoto wa wavuvi, nikajiandikisha nyuma yake. Ila samaki wa maabara, naapa, sitawagusa mpaka Zaituni awe amefika.