Salamu Nilizobeba Kutoka Stockholm

Mimi si mtu wa kuona majini. Nimefundisha darasa la tatu hapa Newala mpaka nikastaafu, na kila mtoto aliyekuja shuleni akilia kwamba ameota mzimu nilimpa ufagio afagie uwanja, na akifika nusu ameshasahau. Kwa hiyo haya ninayokueleza usiyapokee kama maneno ya kupitishia jioni. Yamenikuta mimi, saa za mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Na shahidi ninaye. Ni mama wa Kizungu asiyejua hata Mtwara iko upande gani wa dunia.

Mwanangu Zuhura anaishi Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Anahudumia wazee, na ameolewa hukohuko. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza alinitumia tiketi niende nikamkande kwa maji ya moto na kumlea, kama mama yeyote wa kwetu angefanya. Nikaenda mwezi wa kumi na mbili.

Sisi wa Newala tunajidai tunaijua baridi, kwa sababu ya ule ukungu wa mwezi wa saba unaopanda kutoka bonde la Ruvuma. Niamini, ule ni ukungu tu. Baridi ya kule inaingia kwenye meno. Lakini baridi niliizoea, giza ndilo lililonishinda. Majira yale jua kule linachungulia tu kisha linaondoka. Saa tisa alasiri, wakati huku watu ndio wanaanua muhogo, kule ni usiku mtupu, taa za barabarani zinawaka na watoto wanatoka shule gizani.

Zuhura akaona nimeanza kunyong'onyea.

"Mama, utaugua humu ndani," akaniambia. "Nimekuandikisha matembezi. Kuna mama mmoja anawatembeza wageni kwa miguu, kikundi kidogo tu, anawaonyesha mji wa kale. Anaongea Kiingereza."

"Na mtoto nani atambeba?"

"Mtoto ana mama yake. Nenda ukaone mji, usije ukarudi nyumbani ukasema Sweden ni jikoni kwangu."

Basi akanivalisha koti la mumewe, kofia, na viatu vizito kama vya askari, akanipeleka mpaka uwanja wa kukutania. Kiongozi wetu aliitwa Karin, mama mtu mzima, mrefu, ana mwavuli mwekundu ambao aliuinua juu ili tusimpoteze. Tulikuwa wachache, wengi wao wazee wenzangu waliotoka nchi mbalimbali, na kila mmoja akanisalimu vizuri. Nisikufiche, nilifurahi. Karin alituonyesha kasri la mfalme, na walinzi waliosimama nje kwenye theluji bila kupepesa jicho. Akatuonyesha nyumba zilizopakwa rangi ya manjano na ya matofali, na kila dirisha lina taa ndogo. Alitueleza kwamba mji wote umekaa juu ya visiwa. Kila tulipotoka sehemu moja kwenda nyingine alituhesabu kwa kidole, kama nilivyokuwa nikihesabu watoto wangu.

Giza lilishatanda tulipofika kwenye uchochoro mmoja mwembamba ajabu. Ni ngazi za mawe zinazopanda katikati ya kuta mbili, na ukinyoosha viwiko unagusa pande zote. Karin akatuambia tupite mmojammoja. Mimi magoti yangu si ya kukimbilia, nikawaachia wenzangu watangulie. Wakapanda, sauti zao zikapotelea juu. Nikashika ukuta, nikaanza kupanda taratibu.

"Shikamoo, mama."

Nyuma yangu. Kiswahili.

"Marahaba, mwanangu," nikaitika hata kabla sijageuka. Wewe ungefanyaje? Mdomo umezoea.

Nikageuka. Alikuwa kijana wa kwetu, mweusi, mwembamba, sura nzuri ya upole. Amevaa shati jeupe la mikono mifupi na ndala. Kwenye baridi ile! Akaniuliza kwa Kimakonde kama mimi ni mtu wa Newala. Ndugu yangu, moyo uliruka kwa furaha. Wiki kadhaa sijasikia Kimakonde isipokuwa cha Zuhura, nacho kimeanza kupinda.

"Wewe ni wa wapi?"

"Kitangari. Mimi ni Hamisi, mtoto wa Bi Somoe. Nyumba yetu iko mtu akielekea kisimani, ile yenye mkorosho ulioegemea choo."

"Na mbona umevaa hivyo? Utakufa na baridi!"

Akatabasamu tu, tukapanda pamoja, yeye nyuma yangu. Tulipofika juu kwenye mwanga wa taa ndipo nilipomwona vizuri. Sisi wote, mimi na Karin na wale wazee, kila tukipumua mvuke unatoka mdomoni kama wa sufuria. Yeye aliongea na hakukutoka kitu. Theluji ilikuwa inaanguka juu ya nywele zake na mikono yake mitupu, na haikuyeyuka. Ilikaa tu, kama inavyokaa juu ya jiwe.

 Nikaanza kurudi nyuma kuelekea kwa Karin.

"Usiogope, mama," akasema. "Nina salamu tu. Mimi nilizama kwenye maji haya, na hakuna anayejua. Mama yangu ananingoja. Tangu nilipoondoka hafungi mlango, anarudishia tu, ili nikija usiku nisigonge. Mwambie asiningoje. Mwambie aufunge. Na mtu yeyote akija akagonga akasema ni Hamisi, asimfungulie. Huyo si mimi."

Alikuwa analia. Machozi niliyaona. Mimi ni mzazi, na mwenye mtoto nchi ya mbali. Nikasema, "Nitamwambia."

Wakati huohuo Karin akaanza kutuhesabu. Akafika mwisho, akakunja uso, akahesabu tena. Kisha akaja karibu, akaniuliza kwa Kiingereza, "Huyu ni mwanao? Hasikii baridi?"

Umesikia hapo? Alimwona. Si macho yangu peke yangu.

Nikageuka kumtazama kijana, hayupo. Pale tulipokuwa tumesimama theluji ilikuwa laini, ina nyayo zangu na za Karin, basi. Karin naye akatazama chini. Aliinua mwavuli wake, na matembezi yaliyobaki aliyamaliza harakaharaka.

Zuhura nilimweleza jioni ileile. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Siku ya pili akampigia Karin simu kunipoza tu, nami nikaona uso wake unavyobadilika akiwa bado ana simu sikioni. "Mama," akasema, "anasema na yeye alimwona." Hatukuzungumza tena habari hiyo mpaka naondoka.

Nilirudi. Basi lilipoingia Masasi na nikaona yale majabali, nikawaza, je, ninyamaze? Nani atanidai salamu za mtu niliyemkuta uchochoroni? Lakini nilikuwa nimeshatamka kwamba nitamwambia, na kila nikifumba macho namwona yule kijana na theluji kichwani. Nilipopumzika kidogo nyumbani Newala, nikachukua bodaboda mpaka Kitangari.

Nyumba ilikuwepo. Mkorosho ulioegemea choo upo. Bi Somoe mwenyewe nilimkuta anaanika muhogo, mwanamke mzee, mikono bado ina nguvu. Jirani yake, Mama Ashura, alikuwa ameketi naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unatokea wapi?"

Nikamweleza yote. Hakulia. Alisikiliza huku vidole vyake vikigeuza vipande vya muhogo, na nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

"Alikuwa anachechemea?"

"Hapana, mama. Alitembea vizuri."

"Hamisi wangu anachechemea. Alianguka mtini akiwa mdogo, mguu wa kushoto haukunyooka tena."

Nikashtuka, nikataka kusema labda basi si yeye. Lakini Bi Somoe alishaanza kutikisa kichwa polepole.

"Ameshapumzika," akasema. "Huko aliko haumwi tena mguu. Kumbe nilikuwa namngoja maiti."

Nami nikainama nikamsaidia kugeuza muhogo. 

Akamsomea mwanawe hitima. Watu walikuja, ukoo wote, mpaka mjomba wa Hamisi kutoka Chidya. Fundi akaja kutia komeo kwenye mlango. Mama Ashura akaniambia kwamba tangu siku hiyo yule mama analala usingizi mzito mpaka asubuhi, jambo ambalo hakulijua miaka yote. Nikamshukuru Mungu, nikajiona nimefanya wema.

Ulipofika msimu wa korosho, asubuhi moja Mama Ashura akanipigia simu. Hata salamu hakutoa.

"Mama Zuhura, njoo. Hamisi amekuja."

Nilimkuta ameketi barazani kwa Mama Ashura. Sura ileile, ndugu yangu. Pua ile, macho yale ya upole. Ila huyu alikuwa na mvi chache, shingo inamtoka jasho, na aliposimama kunipa mkono alichechemea mguu wa kushoto. Mkono wake ulikuwa wa moto. Pembeni yake palikuwa na mke, Mmakonde wa Msumbiji, na mabegi yao.

"Shikamoo, mama," akasema. "Wewe ndiye uliyenizika?"

Nikakosa pa kuangalia.

Hakuwa amekwenda Ulaya maisha yake yote. Miaka yote hiyo alikuwa ng'ambo ya Ruvuma tu, huko Msumbiji, akivua samaki na kulima. Aliondoka kwa ugomvi na baba yake, na baba alipofariki aliona haya kurudi. Mwaka huu mkewe ndiye aliyemshika mkono, akamwambia twende ukamwone mama yako. Wakavuka, wakashukia Masasi, wakaingia Kitangari baada ya magharibi. Akasukuma mlango kama alivyozoea. Una komeo. Akagonga.

"Mama, ni mimi Hamisi."

Sauti ikatoka ndani: "Hamisi nimeshamsomea hitima. Nenda ulikotoka."

Alibembeleza mpaka sauti ikakauka. Alimtajia majina ya wadogo zake waliokufa wachanga, akamtajia nyimbo alizobembelezewa utotoni. Mama alichojibu ni kusoma dua kwa sauti ya juu.

Nikaenda mwenyewe mpaka mlangoni. "Mama Hamisi, ni mimi Mama Zuhura. Nilikosea. Huyu ni mtu kamili. Ana joto, anatoka jasho, anachechemea. Nimemshika mkono. Mfungulie mwanao."

Akanijibu kutoka ndani, taratibu kabisa, bila hasira:

"Wewe ndiye uliyekuja hapa ukasema atakuja mtu mwenye jina lake na nisimfungulie. Amekuja, kama ulivyosema. Sasa niambie, mwanangu, siku ile ulisema kweli, au leo ndiyo unasema kweli?"

Wewe ungemjibu nini?  Nilisimama pale nikilia kama mtoto.

Shehe alikuja. Mjomba alikuja, akatishia kuvunja mlango, na mama akasema akivunja atamkuta amejinyonga. Hamisi aliposikia hivyo akamshika mjomba mkono. "Mwacheni," akasema. Akakaa siku chache kwa Mama Ashura. Alichanja kuni akazipanga nje kwa mama yake, akajaza ndoo maji kisimani akaziweka mlangoni. Mama alipotoka aliyamwaga yale maji, na kuni hakuzigusa.

Siku ya kuondoka alinifuata. "Mama, huyo uliyemwona huko, aliniongelea nini mimi?" Nikamweleza neno kwa neno. Akasikiliza huku ameinamisha kichwa. "Kwa nini mimi?" akauliza. "Nimemkosea nani?" Wakapakia mabegi kwenye pikipiki mbili, wakateremka njia ya Masasi. Hajarudi. Bi Somoe yu hai, na siku hizi hata mchana komeo haliondoki. Nikipita anaitika salamu yangu vizuri tu, ananishukuru. Hiyo shukrani ndiyo inayoniua.

Nimewauliza wenye elimu ya mambo haya. Mmoja anasema jini, mwingine anasema ni kitu kilichotumwa na mchawi, mwingine ananitazama tu. Mimi sijui. Najua kwamba kitu kile kilihitaji mdomo wa mtu wa kuaminika, kikauona wangu.

Na hakijamalizana nasi. Juzi Zuhura alinipigia akiwa na furaha, mtoto anasikika akicheka nyuma. "Mama, hutaamini! Leo nilikuwa kituo cha basi na mtoto, nimekutana na mtu wa kwetu, Mnewala kabisa, anakufahamu. Ameniomba nikufikishie sala—"

Nikakata simu.  Akapiga tena, nikapokea na kumwambia kabla hajafungua kinywa: usiniambie alichosema. Usimwambie mtu yeyote. Na kituo hicho usikitumie tena. Zuhura akaanza kulia, kwa sababu na yeye amekumbuka. Sasa yeye anayajua maneno hayo na mimi siyajui, na kila tukiongea nasikia anavyoyameza.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, hasa wewe uliye ugenini au unayejiandaa kwenda: ukikutana na mtu anayejua lugha ya kwenu na mlango wa kwenu, kabla hujapokea salamu zake tazama kwanza kama anatoa mvuke. Kama hatoi, usiseme utafikisha. Mwache na maneno yake hapohapo alipo.