Kura ya Mlango wa Nyuma

Bi Mahbuba wa fleti namba moja alipiga taipu wizarani miaka ishirini na nane, hapa hapa mtaani kwetu Al Khuwair, huku kwa Waarabu, na miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyopita mkononi mwake bila ya kusomwa. Mkurugenzi akimletea barua yenye kosa, alikuwa akimrejeshea. Mwenyewe husema: "Nlikuwa namwambia, bwana mkubwa, soma tena." Basi mtu kama huyo, hebu nambie, vipi akatia sahihi karatasi ya wakala wa kura mlangoni mwake na miwani kaiacha jikoni? Nlipoambiwa nlikaribia kupasuka. Nlimsema sana siku ile, na kila neno nlilomwambia nnalikumbuka.

Jengo letu lina fleti kumi na mbili, na sote wenye fleti tumo katika jumuiya ya wamiliki, utake usitake. Jumuiya ndiyo inayosafisha matangi ya maji, inayotengeneza lifti, inayogombana na watu wa takataka. Mambo madogo huamuliwa kwenye wasap. Jambo kubwa, la kugusa ukuta au mlango wa pamoja, lazima kikao, na lazima lipate kura saba. Kila fleti kura moja, na asiyeweza kuja humwandikia mwenziwe wakala ampigie. Mwenyekiti ni Osama wa ghorofa ya nne, mhandisi, mtu wa adabu, sauti yake haipandi hata akikasirika. Mie Nadra nakaa namba kumi na moja, na yangu inapanda, kila mtu anajua.

Mume wa Bi Mahbuba, Mzee Humam, alipata kiharusi miaka mitatu nyuma. Upande wa kulia wote umelala, na maneno yamemkimbia. Limebaki moja tu: "haya". Haya ya chai, haya ya maumivu, haya ya kuaga. Siku nzima yuko dirishani, masikini, lakini ikikaribia alasiri anaanza kukigonga kiti chake cha magurudumu kwa ule mkono mzima. Hapo Nabukalu, Mganda anayewafanyia kazi, mwanamke mtu mzima mwenye wanawe watatu kwao Masaka, anamvisha kofia na kumsukuma hadi mlango wa nyuma. Kule nyuma hakuna ngazi. Kuna mteremko mfupi wa saruji, kichochoro, kisha msikiti. Wakishasali, wazee wenziwe wanne wanamzunguka kivulini, wanamhadithia, yeye anasema haya, wanacheka. Nusu saa tu. Kitu chengine mzee yule hana, na Bi Mahbuba anailinda nusu saa ile kuliko dhahabu zake.

Mbele ya jengo kuna ngazi tisa, zinashukia barabarani moja kwa moja. Hata ukitaka kuweka mteremko, pa kuuweka hapana.

Sasa Jumapili asubuhi wasap ikalia. Kikao Jumatano, saa kumi na moja jioni, ajenda moja: kuuziba mlango wa nyuma kwa ukuta. Sikatai, Osama alikuwa na sababu. Vifurushi vya watu vimeibiwa mara tatu, na binti yake, Balqis, alikutana na mwanamme asiyemjua kwenye ngazi za ndani, mtoto akarudi anatetemeka. Kufuli tulishatia. Ufunguo ukatolewa nakala mpaka muuza maji akawa nao.

Bi Mahbuba akanipigia simu nishuke. Nlimkuta kakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nadra, mwanangu, kura yangu nshampa Osama."

"Umempaje?"

Wiki mbili nyuma Balqis alikhitimu Kur'ani, na Osama akapita nyumba hadi nyumba na haluwa, kama desturi. Na kwa kuwa anapita, akachukua na karatasi: usipojaaliwa kuja kikaoni, tia sahihi hapa.

"Alaa! Nawe ukatia bila ya kuisoma?"

"Mtu kakuletea haluwa ya khitma ya mwanawe," akasema, "umsimamishe mlangoni ukatafute miwani, uipitie karatasi yake mstari kwa mstari mbele ya macho yake? Si unamwambia humwamini?"

Ni kweli, kwetu ni aibu. Lakini sikumwacha. "Aibu kitu gani, Bi Mahbuba! Hata kwangu alikuja, na mie sufuria iko motoni na simu iko sikioni, lakini akili zangu nnazo. Watu wazima mnauza kura kwa kijiko cha haluwa!" Akainama. Chumba cha pili Mzee Humam akasema haya, sijui alisikia nini.

Nkapanda kuchukua kitabu cha kanuni, nikarudi nikamsomea kwa sauti, kidole juu ya mstari. Kanuni ya kumi na nne: wakala huondolewa kwa maandishi, yamfike mwenyekiti siku moja kamili kabla ya kikao. Baada ya hapo, hata mwenyewe akihudhuria, kura ni ya aliyepewa wakala.

"Umesikia? Mwisho kesho kutwa, saa kumi na moja."

Halafu nkapanda na kushuka jengo zima kuuliza watu. Nkarudi na hisabu: wanaotaka kuziba sita, pamoja na wawili walio safarini waliompa Osama wakala, wanaokataa watano nami nimo, na kura ya Bi Mahbuba ndiyo ya kumi na mbili. Ikibaki kwa Osama, ana saba. Akiiondoa, mlango unabaki.

"Andika barua," nkamwambia.

"Nimlie haluwa yake kisha nimtumie barua ya kumvua? Siwezi, Nadra. Wallahi siwezi."

Hakulala usiku ule. Asubuhi presha mia na sabini, macho mekundu. Nkamkuta kasimama jikoni anaitazama bakuli ya Osama, ile ya haluwa, bado hajairudisha. Na bakuli ya jirani hairudi tupu, huo ndio mwendo wetu tangu Unguja. Akaniambia, "Lete unga."

Tukakaanga visheti mpaka adhuhuri. Akaandika barua kwa mkono, mistari mitatu, hati nzuri ya mtu wa ofisini, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akailaza ndani ya bakuli, chini kabisa, visheti juu, kitambaa juu ya visheti. Nabukalu akapeleka. Akarudi mara moja.

"Umempa mwenyewe?"

"Boss hakuwa, Mama. Nimempa madam. Ameshukuru sana, watoto wakaanza kula hapo hapo."

Bi Mahbuba akakaa kwenye kiti. Watoto wakila visheti na mfuko wakautupa jaani, je? Mwenyewe asipoitia barua mkononi mpaka saa imepita, je? Kwenda kuuliza hawezi. Ukishatoa zawadi huulizi imefika vipi. Jumanne yote lifti ikishuka anachungulia mlangoni. Simu kaiweka mapajani, anaigusa kila baada ya muda ionyeshe mwangaza. Chakula hakugusa. Alasiri Nabukalu akamtoa mzee, na Bi Mahbuba akasimama kwenye mlango wa nyuma, kaushika ubao wake kwa mikono miwili, mpaka wakarudi. Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Osama kimya. Na mie roho yangu ilikuwa juu, nisikufiche, lakini nlijifanya jabari, kila saa namwambia usiogope, nikwambie nini, mie nipo.

Kikao kilikuwa chini, penye maegesho ya magari, viti vya plastiki. Osama akafungua kwa bismillahi, akavaa miwani.

"Kwanza, fleti namba moja imeondoa wakala wake. Barua imenifika Jumatatu, na visheti pia. Allah akuzidishie, Bi Mahbuba."

Watu wakacheka kwa wema. Bi Mahbuba akashusha pumzi kama aliyetua mzigo wa kuni, akanishika goti. Nami nkamfinya, nlikwambia nini! Nkasimama nikasema yangu, tena kwa kelele: mlango huu ni wa mgonjwa, wekeni kamera, badilisheni kufuli, mnaogopa vifurushi kuliko Mungu? Wengine wakanipigia makofi.

"Wanaotaka uzibwe," akasema Osama. Mikono minne, na wake umo. Nlijua.

"Na wakala nilizonazo." Mbili, nikahesabu moyoni, za wale wawili walio safarini. Sita. Hazitoshi.

"Fleti namba tatu. Fleti namba tisa. Fleti namba kumi na moja."

Nlidhani kakosea. "Kumi na moja ni yangu!"

"Naam, Bi Nadra." Akaniletea karatasi, pole pole, kama mtu anayeona haya kwa niaba yangu. Sahihi yangu, na mkia wake mrefu. Na pembeni doa la manjano, la kidole changu. Sufuria motoni, simu sikioni, dada yangu ananihadithia harusi ya huko mjini Sur. Nlikuwa nimemwambia Osama lete, lete, mwanangu, mchuzi unaungua, nikasaini juu ya kizingiti bila ya kutazama. Na haluwa yake nkaila usiku ule ule, nusu bakuli.

"Lakini mie niko hapa! Nasema kwa mdomo wangu, sitaki!"

"Kanuni ya kumi na nne, bibi," akasema. "Nikiivunja kwako leo, kesho nitamwambia nini mwengine?"

Kanuni ya kumi na nne. Nani aliyeisoma kwa sauti? Lo, nyani haoni kundule. Nlilia mbele ya watu, mie Nadra, na sikujali.

Bi Mahbuba akanitazama. "Hukuisoma?"

"Sikuisoma."

"Basi, mwanangu. Hata mie." Akasema hivyo tu, akaniinua kwenye kiti. Afadhali angenitukana.

Jumamosi mafundi wakaziba. Alasiri ile nkashuka, Nabukalu akashika kiti nyuma, mie mbele. Ngazi tisa. Ya tano mgongo ukanigomea, tukamweka mzee pale pale, kofia imemkaa upande, gari zinapita chini yetu. Tukasikia msikitini wanakimu sala. Tukamaliza kushuka, tukazunguka jengo lote kwa barabarani, na tulipofika msikitini watu wanavaa viatu. Wazee wale wanne walikuwa washakwenda zao, wakidhani leo hatakuja. Nabukalu akamweka kivulini mahali pake. Humam akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakusema hata haya.

Siku ya pili nkabisha kwa Bi Mahbuba nusu saa kabla ya adhana. Mzee kavishwa kofia, anagonga kiti. Mpaka leo nashuka saa ile ile, mgongo nimeufunga kanga, na simu naiacha juu.