Nilivyoinua Mkono kwa Ajili ya Sahihi ya Kizuizi

Jumapili, mwezi wa nane. Ukungu umeshuka hapa Githongo tangu alfajiri, kahawa hata haionekani kutoka mlangoni, na baridi ni ya kuvaa sweta mbili.

Naona aibu kuyaandika haya, lakini nisipoyaandika mimi, wengine watayasimulia kesho vile wanavyopenda wao, kwa hivyo acha niseme mwenyewe: leo nimemtukana mtu mashuhuri kwa spika ya kanisa, na sikuwa nimekusudia hata kusimama.

Ilikuwa ibada ya mavuno. Kwetu, ibada ikiisha, kila kilicholetwa madhabahuni, ndizi, maharagwe, kuku, kinapigwa mnada pale nje, na safari hii tulikuwa tunatafuta mabati ya darasa la watoto, maana yale ya zamani yanavuja mpaka watoto wanaimba wakiwa wamejifunika kichwa. Dalali alikuwa Gitonga, ambaye hata ukifukuza nzi anahesabu umeongeza bei. (Hilo nalijua. Nimelijua miaka yote. Sijui leo kichwa kilikuwa wapi.)

Ndizi zilipoisha akainua mpira. "Huu umeletwa na Mzee Mbaabu, muuza nyama wa buchari! Una sahihi ya Kizuizi mwenyewe!"

Watu wakapiga kelele. Kizuizi ni yule kipa wa taifa wa enzi zetu tukiwa wasichana, mtu wa Kibugu huko Embu, aliyekuwa akidaka penalti hadi mtangazaji wa redio anakosa maneno. Siku moja alikuja uwanja wetu kugawa vikombe, nami akanitilia sahihi kwenye kadi yenye picha yake, na hiyo kadi imekaa ndani ya Biblia yangu tangu usichana mpaka leo naitwa Mama Kendi. Basi mpira ulipopitishwa karibu nikautazama. Sahihi ilikuwa nzuri. Nzuri kupita kiasi, imelala kama maandishi ya mwalimu ubaoni. Ya kwangu haifanani nayo hata kidogo.

Sasa mimi masomo niliachia darasa la saba, na sipendi kusema nisichokijua, nikajiambia labda yangu ndiyo ya uongo, labda siku ile niliandikiwa na dereva wake. Ningenyamaza, kisha nimwulize Mbaabu pembeni. Lakini nikaona mjane mmoja akitoa jogoo wake kwa sababu ya sahihi hiyo, roho ikakataa, na Gitonga alipopaza sauti, "Kuna wa kupita jogoo? Kuna wa kutoa mbuzi?" mimi nikainua mkono ili niulize swali.

"Mbuzi! Mama Kendi ametoa mbuzi! Kuna mwingine? Hakuna? Umeenda!"

Mbuzi tuliye naye ni mmoja, na ni wa Kendi, binti yangu: sanduku lake la kidato cha kwanza na godoro vinangoja huyo mbuzi auzwe. Nikamwona Kendi pale kwenye kwaya akifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Na mnada wa kanisa una desturi yake: kitu ulichonunua unaweza kukirudisha mezani kiuzwe tena, lakini ulichoahidi kinabaki kwa Bwana.

"Sikuwa nanunua," nikasema. "Nilikuwa nauliza. Hiyo sahihi nafikiri... nafikiri si yake."

Shingo zote zikanigeukia.

"Mama Kendi," Mbaabu akasema, "unaniita mwongo mbele ya mavuno?"

"Sijakuita mwongo, Mzee. Nimesema sahihi."

"Kwani ilijileta yenyewe?"

Watu wakacheka, na mtu huko nyuma akasema, "Si anakwepa kutoa mbuzi!" Hilo ndilo lililonichoma. Nikatoa kadi kwenye Biblia nikampa mchungaji. Akaishika mkono huu, mpira mkono ule, akatikisa kichwa.

"Hazifanani. Moja ni feki. Lakini ni ipi?"

"Ni swali hilo?" Mbaabu akasema. "Mtu mkubwa hivyo aandike hivi? Hii ni kazi ya mtoto!"

Wengi walikubali kwa kichwa, na mimi, kusema kweli, nilikaribia kukubali.

Hapo akasimama Mama Kathure, ambaye ni dada ya Kizuizi aliyeolewa hapa kwetu. "Mimi hajawahi kuniandikia kitu, huwa anapiga simu tu. Ngoja nimpigie." Wakati anabonyeza simu yake na kumweleza kaka yake habari ya mpira, mchungaji akaniwekea maikrofoni mdomoni. "Mama Kendi, waeleze walio nyuma. Sahihi yako ikoje?"

Mimi mbele ya maikrofoni huwa sijijui. Nikasema, "Mchungaji, ni kama kuku ametoka kwa matope akapita juu ya karatasi, na huyo kuku mwenyewe ni mgonjwa."

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Kisha, kutoka kwa simu ambayo Mama Kathure alikuwa ameshaisogeza kwenye maikrofoni, sauti nzito ikajaza uwanja wote:

"Huyo kuku ni mimi."

Nilitamani ukungu usogee unifunike mimi peke yangu. "Samahani, Baba," nikasema, "samahani sana."

"Ya nini? Hiyo ndiyo yangu! Mipira ilinivunja vidole nikiwa bado kijana, kalamu naishika kwa ngumi kama jembe. Kama huo mpira umeandikwa vizuri, basi si mimi."

Mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nikaona hiyo si haki kwa Mbaabu. "Lakini, Baba, hujaiona. Pengine unatuhurumia tu."

Mbaabu akageuka akanitazama. Huko kwenye simu tukasikia kicheko. "Mama, wewe ni refa wa kweli! Haya, inueni hiyo kadi kwenye mwanga. Pale mwisho wa jina, kwenye mstari, lazima nimetoboa karatasi. Zote nilikuwa natoboa."

Mchungaji akaiinua, akaisogeza, akaweka jicho. "Nawaona!" akasema, akituchungulia kwa tundu.

(Miaka yote hiyo nimekuwa nikisingizia mende.)

Vigelegele vilipigwa ambavyo sikupigiwa hata siku ya harusi yangu. Mbaabu alingoja vitulie, akavua kofia. Alisema mpira aliuziwa soko la Kangeta na mtu aliyeapa kuwa sahihi ni ya kweli, na ninamwamini Mbaabu, maana alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa. "Nimedanganywa, na karibu niwadanganye ninyi," akasema. "Mbuzi wa Mama Kendi asiguswe. Mbuzi natoa mimi, na mpira wachukue watoto." Kendi akashusha kitabu cha nyimbo.

"Na hii kadi je?" Gitonga akanguruma. "Naanza na ng'ombe! Mama Kendi, inua mkono kama unauza!"

Sikio lilianza kuniwasha papo hapo, na kulikuna kungekuwa kuuza, nikaketi upesi. "Mikono nimeikalia," nikamwambia, "na siitoi mpaka uzime hiyo spika."

Najua nimeshinda kwa kubahatisha, na bado nimefurahi mno. Lakini mnada mwingine wa mavuno nitaenda mikono ikiwa ndani ya sweta, na nikiwa na swali nitauliza nikiwa nimeketi, kwa mdomo, baada ya maombi ya kufunga.

Jioni Mbaabu alituma maini yaliyofungwa kwa gazeti, sijui ni ya kuniomba radhi au ya kuninyamazisha. Nimeyakaanga kwa vitunguu, tukayala na mukimo, ndizi zetu za kupondwa, na Kendi akaongeza sahani ya pili.