Chungu Kwenye Rafu ya Mzungu

Juzi mjukuu wangu, mwenye shahada mbili, alinipeleka kwenye jumba la sanaa lililokarabatiwa, lenye mgahawa humo humo ndani. Rangi ilikuwa bado inanuka. Nikiwa nakunywa chai nikaona chungu cheusi kimewekwa juu ya rafu peke yake kama mgeni rasmi. Nikaweka kikombe chini.

Enzi za Mwingereza mama alishuka nami mpaka Same, kupeleka mayai kwa mke wa bwana shauri, mkuu wa wilaya. Baraza yao nayo ilinuka rangi mbichi. Kwenye rafu kulikuwa na ngao, mikuki na chungu. Kwetu mlimani fuvu la mzee aliyefariki lilitunzwa ndani ya chungu, chini ya mwamba. Nikajua wamemchukua babu.

Yule mama wa Kizungu akatumbukiza mkono chunguni. Nikafumba macho. Akanipa biskuti.

"Kula, usituaibishe," mama akanong'ona.

Nilijifanya natafuna, kumbe nimeifumbata. Nikapanda nayo mlima mzima, nikamwekea baba kiganjani.

"Ni babu huyu. Mzungu amemweka rafuni."

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kila siku alituambia mambo ya mafuvu yamekwisha. Hakucheka. Alinishika mkono tukapita migombani moja kwa moja mpaka kwenye mwamba, akainama, akachungulia, akashusha pumzi.

"Yupo. Mama yako asijue nimekuleta."

Chini ya mwamba palikuwa pamefagiliwa. Siku ile nilifurahi tu kwamba babu yupo. Kumbe aliyekuwa akipafagia ni mama; hilo nimekuja kulijua ukubwani.